Kiteezi: kazi ya Mungu, kazi ya mikono

Katika misiba ya Afrika Mashariki kuna maneno yasiyokosekana: kazi ya Mungu haina makosa. Husemwa kwa sauti ya chini, maiti ikiwa bado ndani, na hakuna anayeyapinga. Lakini Kiteezi, kaskazini mwa Kampala, inayaweka maneno hayo kwenye mizani.

Jumamosi ya Agosti 10, 2024, baada ya mvua kubwa, ubavu wa jaa la taka la Kiteezi ulimeguka ukafukia nyumba, mifugo na watu, watoto wakiwemo. Waliokufa walizidi 30. Tingatinga zilichimba siku baada ya siku huku ndugu wakisimama pembeni, macho yao yakifuata kila kijiko kilichoinuka: kaveera, yaani mfuko wa plastiki, kaveera tena, nguo, bati lililojikunja.

Mlima ule haukuumbwa siku ya tatu ya uumbaji. Jaa lilifunguliwa mwaka 1996, na kila tabaka lake lililetwa na lori. Kasasiro, kama watu wa Kampala wanavyoziita taka, haina mwamba ndani yake. Mvua ikipenya, rundo huongezeka uzito. Maji machafu yakikosa pa kutokea hujikusanya ndani na kuyasukuma matabaka yasishikane. Na ubavu ukiwa umesimama mno, huteleza wenyewe. Mara nyingi dalili hutangulia: nyufa kileleni, ardhi kuvimba chini, maji meusi kuchuruzika pembeni. Mtu mwenye vigingi na kamba anaweza kuupima ufa wiki hii, akaupima tena wiki ijayo. Siku ya maafa, mamlaka ya jiji, KCCA, yenyewe ilieleza kwamba rundo la taka ndilo lililoshindwa kujihimili.

Je, dini zinataka tunyamaze hapo? Wakristo wanao mnara wa Siloamu, katika Injili ya Luka, ulioua watu 18. Yesu alikataa katakata kwamba marehemu wale walikuwa wenye dhambi kuliko wenzao. Waislamu wanasoma katika Sura ya Rum, aya ya 41, kwamba uharibifu wa bara na bahari umetokana na yaliyochumwa na mikono ya watu. Na katika hadithi ya Mtume, mwenye ngamia anaambiwa amfunge kwanza, ndipo amtegemee Mungu. Hakuna hata moja kati ya mafundisho haya linalompa mtu ruhusa ya kuacha kamba.

Wanafalsafa nao walilumbana juu ya jambo hili baada ya tetemeko la Lisbon la mwaka 1755. Voltaire aliona maafa yale yanawaumbua wanaodai kila kitu kimepangwa vema. Mwaka uliofuata Rousseau alimwandikia kwamba maumbile hayakujenga nyumba za ghorofa sita na saba na kuzisonganisha pale. Kwa Kiteezi, Rousseau ana hoja nzito zaidi, maana hapa si nyumba tu zilizojengwa na watu. Hata mlima.

Wapo wanaosema wakazi walijiponza, kwa kuwa waliiona hatari na bado wakabaki. Hoja hii ni ya kikatili. Anayeokota chupa na vyuma chakavu ili auze kwa kilo hukaa karibu na riziki yake, na maskini hujenga pale anapomudu kiwanja. Kuuona mlima kila asubuhi si sawa na kuwa na uwezo wa kuupunguza.

Basi maneno yale yasihukumiwe bila kumtazama anayeyasema. Mama aliyepoteza mtoto akisema ni kazi ya Mungu, anatafuta pa kuegemea, na ni haki yake. Afisa akiyasema maneno hayohayo, anajivua mzigo aliolipwa kuubeba. Septemba 2024, baada ya ripoti ya Mkaguzi Mkuu wa Serikali, Rais Museveni wa Uganda aliwafuta kazi wakuu watatu wa KCCA, na kesi ikafuata mahakamani.

Wala mafunzo hayakukosekana. Jaa la Koshe, Addis Ababa, liliporomoka Machi 2017 likaua zaidi ya watu 100. La Hulene, Maputo, likafuata Februari 2018. Kampala nayo ilishajua kwamba Kiteezi imejaa: miaka kadhaa kabla ya Jumamosi ile, jiji lilikuwa limekwisha kununua ardhi Ddundu, wilayani Mukono, kwa ajili ya jaa jipya. Malori yaliendelea kupanda Kiteezi.