Ni Nani Aliyeandika?

Sisi tukaao Ihumwa twajivunia jina la Mathias Mnyampala, maana alizaliwa papa hapa, katika kitongoji cha Muntundya, mwaka wa 1917. Alikuwa mwalimu, kisha hakimu, tena mshairi, akafariki mwaka wa 1969. Mwaka wa 1954 kilipigwa chapa kitabu chake, Historia, Mila na Desturi za Wagogo wa Tanganyika, na mwenye kutaka kuandika habari za Ugogo wa zamani ni vigumu asipite mlangoni pake. Mwaka wa 1995 mwanahistoria Gregory Maddox alikitoa kitabu hicho kwa Kiingereza, akakiongezea dibaji na maelezo. Kwa hiyo leo msomi wa London au Chicago aweza kusoma habari za koo zetu, naye hajui hata neno moja la Kiswahili.

Juu ya jalada la kitabu pana jina moja la mtungaji. Hiyo ni haki, kwa kuwa yeye ndiye aliyezikusanya habari, akazipanga, akaziandika. Lakini habari zenyewe za koo na watemi, za mahali tulikotoka na njia tuliyopita, Mnyampala hakuzibuni. Alizipokea kwa wazee, nao wazee walizipokea kwa wazee wao. Basi twauliza, maarifa yale ni ya nani? Na yule anayeyachukua leo kutoka katika kitabu kile, adaiwa na nani, na alipe deni lake kwa njia gani?

Pengine msomaji atasema kwamba haya ni maneno ya wenye nafasi, na mtama shambani wangoja kupaliliwa. Sivyo. Watoto wetu sasa wasoma katika vyuo vikuu, na kimoja kikubwa kipo hapa Dodoma tangu mwaka wa 2007. Na huko vyuoni mwalimu hapandi cheo kwa kufundisha vema tu, bali hutazamwa ameandika makala ngapi, na katika mahali pengi hutazamwa pia makala hizo zimetajwa mara ngapi na wenziwe. Mkate wa mtu na heshima yake vimetundikwa katika hesabu hiyo. Yafaa tuielewe.

Asili yake ni hii. Msomi aandikapo, imempasa kutaja kila kitabu na kila makala aliyochota maneno yake humo. Ni desturi njema, tena ni ya kale. Huko Marekani, katika mji wa Philadelphia, mtu mmoja jina lake Eugene Garfield aliona kwamba kama majina hayo yote yakikusanywa, mtu ataweza kufuata fikira moja jinsi ilivyotoka kwa huyu ikamfikia yule, kama mchungaji afuatavyo nyayo za ng'ombe waliopotea. Akatengeneza faharasa kubwa, na sehemu yake ya kwanza, iliyotolewa mwaka wa 1963, ilipekua majarida 613 ya sayansi. Nia yake ilikuwa kuwasaidia watu kutafuta habari. Lakini kitu kikiisha kuhesabiwa, hapakosi mtu wa kukifanya mizani. Punde watu wakaanza kupima majarida, kisha wakapima watu wenyewe. Mwaka wa 2005 mtaalamu wa fizikia, Jorge Hirsch, alitoa kipimo kilicho chepesi kabisa: mtu mwenye makala 4 zilizotajwa kila moja si chini ya mara 4, huyo kipimo chake ni 4, mwenye makala 20 zilizotajwa kila moja si chini ya mara 20, kipimo chake ni 20, na kuendelea hivyo.

Hatusemi kwamba hesabu hii ni mbaya tupu. Mahali ambapo cheo hutolewa kwa udugu au kwa urafiki, namba ina faida yake, kwa kuwa haiulizi wewe ni wa ukoo gani. Twajua walimu wengi ambao wangaliipokea kwa furaha. Shida ni kwamba namba hujibu swali moja, nasi twaipeleka kujibu swali jingine.

Tuondoke kidogo Ugogo, twende Usambara, kwani huko kuna kisa kinachoonyesha jambo hili kuliko maelezo yetu. Mwaka wa 1963 kijana Erasto Mpemba alikuwa akisoma katika shule ya sekondari ya Magamba. Wanafunzi walikuwa wakichemsha maziwa na sukari, kisha wakiyagandisha katika mashine ya barafu. Siku moja Mpemba, akichelea kukosa nafasi, aliyatia maziwa yake yangali moto, na ajabu, yakaganda kabla ya yale ya mwenzake yaliyokuwa hayakupashwa moto. Alipouliza sababu alichekwa, darasani likawa jambo la mzaha. Baadaye, alipokuwa Mkwawa huko Iringa, alikuja kuwafundisha siku moja Profesa Denis Osborne wa chuo kikuu cha Dar es Salaam. Mpemba akamwuliza neno lile lile mbele ya watu. Osborne hakumcheka. Alirudi Dar es Salaam, akaagiza jambo hilo lijaribiwe, na mwaka wa 1969 ikatoka makala katika jarida la Uingereza la walimu wa fizikia, yenye majina ya watu wawili, la Mpemba kwanza, la profesa nyuma.

Twamheshimu Osborne kwa jambo hilo. Angaliweza kuiandika makala peke yake na kumshukuru kwa mstari mmoja mvulana fulani wa Iringa, wala hapana ambaye angalimlaumu. Aliona kwamba aliyeuliza swali ndiye mwenye jambo. Na kwa kuwa jina liliwekwa mahali pake, leo duniani kote wanafizikia huliita jambo hilo kwa jina la Mpemba, ingawa Aristotle na Francis Bacon walikuwa wamekwisha kuandika habari za namna hiyo tangu zamani sana.

Sasa tuichukue mizani ya Hirsch tumpime Mpemba. Makala ile moja, hata ikitajwa mara elfu, haiwezi kumpa zaidi ya 1. Tena si wote wanaoitaja ambao waikubali. Mwaka wa 2016 watafiti wawili wa Uingereza, Burridge na Linden, walipima kwa uangalifu, wakaandika kwamba hawakuona ushahidi wa kutosha kuwa jambo lenyewe lipo. Nao walimtaja Mpemba. Na katika hesabu, kutajwa kwa kupingwa ni sawa na kutajwa kwa kusifiwa. Zaidi ya hayo, katika kisa kile yuko mtu wa tatu. Osborne asema kwamba alimpa fundi mmoja kijana wa maabara kazi ya kulijaribu jambo lile la kwanza kabisa. Naye fundi huyo, ambaye mikono yake ndiyo iliyotia maji katika barafu, jina lake halimo. Hata mizani zote za Philadelphia zikikusanywa, haziwezi kumpima mtu ambaye hakuandikwa.

Kuna wanaosema, basi na waandikwe wote. Lakini yatazameni yaliyotukia mwaka wa 2015, wataalamu waliokuwa wakitumia mtambo mkubwa ulio karibu na Geneva walipotoa makala yenye watungaji 5,154. Kurasa zake zilikuwa 33. Kurasa 9 zilieleza kazi yenyewe, na 24 zilizobaki zilijaa majina na vyuo vyao. Twaogopa kusema kwamba wamekosa, maana pengine kila mmoja alikaza msumari wake. Lakini ni nani atakayesimama kujibu, kama ikionekana kwamba hesabu ina kosa? Wahariri wa majarida ya uganga, ambao walianza kukutana huko Vancouver mwaka wa 1978, wameweka kanuni kwamba mtungaji ni yule aliyefanya sehemu kubwa ya kazi, akashiriki kuiandika au kuisahihisha, akaikubali kabla ya kutolewa, tena yu tayari kuijibia. Hilo la mwisho latupendeza, kwa kuwa halimtazami anayestahili sifa peke yake, bali na yule atakayebeba lawama. Lakini kwa kanuni hiyo mzee asiyejua kusoma hawezi kamwe kuwa mtungaji, hata kama kila neno la makala limetoka kinywani mwake.

Hata katika Maandiko jambo hili limo. Luka aanza Enjili yake kwa kueleza kwamba habari zake zatoka kwa walioona kwa macho yao, lakini majina yao hakuyaorodhesha. Na Tertio, aliyeuandika Waraka kwa Warumi kwa mkono wake, twamjua kwa mstari mmoja tu karibu na mwisho, ambao alijitia mwenyewe.

Turudi kwa Mnyampala. Jina lake limefungamana na ngonjera, mashairi yale ya kujibizana. Vitabu vyake vya Ngonjera za UKUTA vilitolewa mwaka wa 1970 na 1971, naye amekwisha kufa. Tangu siku hizo ni watoto wangapi wa Tanzania waliosimama mbele ya wazazi siku ya kufunga shule, wakajibizana kwa vina? Hapana hata mmoja aliyeandika rejeo, na wengi hawakupata kulisikia jina lake. Kama huko si kuwagusa watu, sisi hatujui neno hilo lina maana gani. Wala faharasa hailioni.

Imetupasa sasa kueleza kosa letu wenyewe. Zamani, tulipokuwa chuoni kujifunza ualimu, tulitakiwa kuandika habari ya kwetu. Tukachagua njaa ile kuu iliyoitwa Mtunya, iliyoipiga Ugogo baada ya majeshi ya Vita ya Kwanza kuchukua nafaka na ng'ombe na wanaume, mvua nazo zisinyeshe. Tulimwendea bibi mmoja jirani, ambaye mama yake aliishi siku hizo. Jioni tatu alitueleza, huku akipepeta uwele: watu walikula nini, ni nani walipelekwa kwa jamaa wa mbali wasirudi, nyumba ipi ilibaki tupu. Kazi yetu ilisifiwa sana, ikasomwa mbele ya darasa. Katika kurasa zake tulivitaja vitabu vinne, na maneno yote yaliyosifiwa hayakuwamo hata katika kimoja. Yalikuwa ya bibi. Naye tulimwandika hivi, "wazee wasema".

Hatukukusudia kumwibia. Tulidhani tu kwamba kitabu hutajwa, na mtu hushukuriwa kwa chumvi na sabuni. Miaka mingi ilipita kabla hatujaona kwamba tulimfanya bibi kuwa kama kisima, ambacho kila mtu huteka wala hapana aulizaye ni nani aliyekichimba. Wanafunzi wafikao Ihumwa siku hizi na daftari zao, wengine na simu za kurekodi sauti, wafanya yale yale; tena wengine huandika "mtoa habari wa 7", na twaambiwa kwamba pengine hufanywa hivyo ili kumlinda. Kama mzee amesema afichwe, na afichwe. Lakini aulizwe kwanza. Twadhani wengi wangependa waandikwe kwa jina, na jina la baba, na kitongoji.

Mwaka jana tulilitafuta daftari lile la chuoni, tukalipata ndani ya sanduku, limeliwa na mchwa pembeni. Jina la bibi lilikuwamo, kwa kalamu ya risasi, katika ukurasa wa kwanza. Tulikuwa tumeliandika ili tusipotee nyumba tutakaporudi jioni ya pili.