Uzuri Usioshuhudia Kweli

Mpenzi wa senema anayetafuta filamu ya mapigano ya kumpendekezea mwenziwe hatachelea kuitaja Hero, iliyoongozwa na Zhang Yimou na kutolewa mwaka 2002. Wanawake wawili waliovaa mavazi mekundu wanapigana kwa panga baina ya miti yenye majani ya manjano. Mmoja anapokata roho, majani yote yanageuka mekundu. Kamera aliishika Christopher Doyle, mavazi yakabuniwa na Emi Wada. Hata asiyependa kung-fu atakaa kitako mpaka mwisho. Lakini anayeipendekeza kazi hii humwachia mwenziwe swali zito: je, jicho likisharidhika, akili nayo huwa imekubali?

Kisa chenyewe kimesimama juu ya ushahidi. Shujaa asiye na jina, aliyeigizwa na Jet Li, anafika mbele ya mfalme wa Qin akidai kuwaua wauaji watatu waliokuwa wakimwinda. Masimulizi yake yamevikwa rangi nyekundu. Mfalme hayaamini, naye anabuni yake kwa rangi ya buluu. Ndipo unapokuja ukweli, mweupe. Basi na izingatiwe: pigano lile la majani, ambalo pengine ndilo zuri kuliko yote, limo ndani ya uongo. Halikutokea. Filamu yenyewe imemfunza mtazamaji kwamba simulizi inaweza kupendeza na isiwe kweli.

Ajabu ni kwamba, ikishamfunza hivyo, inamtaka auamini ule weupe bila ya kuuliza. Muuaji aitwaye Upanga Uliovunjika anaandika mchangani neno Tianxia, yaani vyote vilivyo chini ya mbingu, na kwa neno hilo anataka mfalme asiuawe, ili falme saba zinazopigana ziwe dola moja na vita vikome. Hoja hiyo haifai kubezwa. Aliyechomewa nyumba yake hawezi kuidharau amani, hata ikiletwa na aliyeichoma. Lakini mpenzi wake, Theluji Irukayo, ambaye baba yake aliuawa na majeshi ya Qin, anakataa. Naye filamu imempa machozi mengi na hoja chache. Ni nani aliyempa mfalme idhini ya kuwahesabu wafu wa watu wengine kuwa ndio bei ya utulivu?

Katika masimulizi ya kale, yaliyohifadhiwa na mwanahistoria Sima Qian, Jing Ke alijaribu kumuua mfalme huyo mwaka 227 K.K. akashindwa. Katika filamu, muuaji anaweza, ila anajizuia. Mfalme wa historia aliziunganisha falme mwaka 221 K.K.; dola yake haikudumu hata miaka ishirini.

Limo jambo dogo ambalo wengi hulipita. Mfalme anaambiwa kwamba neno upanga lina namna kumi na tisa za kuandikwa, naye anaahidi kuzifuta zote na kubakisha moja. Kisha huyohuyo anatazama namna ya ishirini, iliyoandikwa na adui yake, na humo anadai kusoma fundisho la amani. Muda mfupi baadaye anatoa amri, na mishale inalifunika lango la kasri lote, isipokuwa pale katikati, palipobaki patupu kwa umbo la mtu.