Kipimo cha Chumbani

Ndugu Waislamu, tangu mwaka 2019 sheria ya Tanzania inamruhusu mtu kujipima mwenyewe virusi vya UKIMWI. Hupangusa ufizi kwa kijiti, na baada ya dakika 20 husoma jibu, mlango umefungwa.

Hapa Shanwe, Mpanda, nimeulizwa: je, aliyeona mistari miwili yafaa amfiche mkewe? Siri ya mtu ni sitara yake, lakini sitara si ruhusa ya kumdhuru mwenzio, na mke ni amana. Kijiti peke yake si hukumu. Basi aende hospitali akapimwe tena. Dawa zipo. Wala asimkaribie mkewe kabla ya kumwambia. Mlango tunawafungia watu. Mwenyezi Mungu yu mwenye kuona.

Wabillahi taufiki.