Kabla ya Kuingia, Ulizeni Njia ya Kutoka

Wanangu, nimeusikia mpango wenu. Mnataka kuchanga fedha, mnunue shamba mbali na mji, mjenge kijiji chenu, mlime pamoja, mle chungu kimoja, na watoto walelewe na nyote. Mmechoshwa na kodi ya nyumba, na foleni ya asubuhi, na kuishi ukuta kwa ukuta na mtu msiyemjua hata jina. Sina neno baya juu ya hamu hiyo. Ni hamu ya kale na ina heshima yake. Lakini niliwasikiliza mkieleza visima, mizinga ya nyuki na umeme wa jua, na sikusikia hata mmoja wenu akimtaja mwenzenu atakayetaka kuondoka. Hilo ndilo lililonifanya niwaandikie.

Walioota ndoto kama yenu ni wengi. Mwaka 1825 tajiri wa viwanda vya pamba, Robert Owen, aliyekwisha kupata sifa kwa kuwatunza wafanyakazi wake huko New Lanark, Scotland, alinunua mji mzima katika jimbo la Indiana, Marekani. Mji ule ulijengwa na Wajerumani wacha Mungu waliomfuata George Rapp, watu wa imani moja na nidhamu moja, na ulikuwa umestawi. Owen akauita New Harmony na kumkaribisha kila aliyependa kuja. Wakaja kwa mamia: wasomi, walimu, wakulima, na wengine waliotaka tu kulishwa. Mwenyewe akasafiri, akawaachia watunge katiba. Katiba ikabadilishwa, ikabadilishwa tena. Wazungumzaji wakawa wengi, mafundi wakawa haba. Kufikia 1827 jumuiya ilikuwa imevunjika, na Owen amepoteza sehemu kubwa ya utajiri wake.

Wapo wanaokisimulia kisa hicho kwa kucheka. Mimi sikicheki. Aliyechoka alifunga mizigo akaenda zake, hakuna aliyemzuia. Wanasayansi na walimu kadhaa walibaki palepale wakaendelea na kazi zao, na mtoto wa Owen, Robert Dale Owen, aliingia katika Bunge la Marekani na kushiriki kuianzisha Taasisi ya Smithsonian. Jumuiya ilikufa, watu wakaishi. Fedha zikipotea hutafutwa nyingine.

Hata pwani yetu ya Afrika Mashariki ndoto hizi ziliwahi kutia nanga. Mwaka 1890 mchumi wa Vienna, Theodor Hertzka, alitoa kitabu kiitwacho Freiland, kuhusu nchi mpya ya ushirika ambayo aliiweka kwenye nyanda za Mlima Kenya. Wasomaji wake wakaunda vyama, na mwaka 1894 kundi lao likashuka Lamu likitaka kupanda Mto Tana hadi huko. Halikufika. Msafara ulivunjika mwaka uleule. Nchi waliyoipangia mipango ilikuwa na wenyewe, na hakuna aliyekwenda kuwaomba ruhusa. Nanyi shamba mnalolitaka liko katika ardhi ya kijiji. Kwa sheria ya Tanzania ya ardhi ya vijiji ya mwaka 1999, mwenye neno pale ni halmashauri ya kijiji pamoja na mkutano mkuu wa wanakijiji, si yule dalali aliyewaonyesha mipaka kwa kidole. Nendeni mkaketi na wenyeji kabla ya kutoa shilingi. Sitalirudia hili, maana mna akili.

Kisa ninachotaka mkijue kuliko vyote ni cha Litowa. Mwanzoni mwa miaka ya 1960, vijana wa chama tawala, TANU, wilayani Songea, wakiongozwa na Ntimbanjayo Millinga, walifyeka pori wakaanza kijiji. Hawakulipwa mshahara na hakuna aliyewalazimisha. Walilima mahindi na tumbaku, mapato wakagawana, mambo yao wakayaamua katika mkutano wao. Vijiji vingine vikaiga, vikaungana katika chama cha maendeleo cha Ruvuma, RDA, hadi vikafika kama 17. Wakawa na mashine ya kusaga nafaka mjini Songea, wakawa na kiwanda cha kupasua mbao, na pale Litowa wakawa na shule iliyowafundisha watoto kazi na maisha ya kijiji chenyewe. Mwingereza Ralph Ibbott na mkewe waliishi nao, yeye akiwa mshauri. Mwalimu Nyerere aliwajua na kuwaunga mkono. Waraka wake wa 1967, Ujamaa Vijijini, ulieleza mambo ambayo watu wa Ruvuma walikuwa wakiyatenda tayari, na ulisema wazi kwamba ujamaa haujengwi kwa kulazimisha watu.

Septemba 1969 Kamati Kuu ya TANU ilikivunja chama hicho. Mali zikachukuliwa, walimu wakahamishwa, Ibbott akaondoka nchini. Wanavijiji wa Ruvuma hawakuwa wameiba wala kuasi. Walikuwa wamezoea kuamua wenyewe, wakauliza maswali, na wapo wakubwa wa chama na wa mkoa waliouona uhuru huo kuwa tishio. Mtu akiniuliza ni lini ujamaa wa hiari ulijeruhiwa nchini mwetu, nitautaja mwezi huo.

Yaliyofuata wazee wenu waliyaishi. Novemba 1973 kuishi kijijini kukawa amri, ya kutekelezwa kabla 1976 haijaisha. Katika Operesheni Vijiji watu walipakiwa kwenye malori, na mahali pengine nyumba zilichomwa ili mwenyewe asirudi. Mashamba yenye rutuba yaliachwa, makaburi ya mababu yakaachwa. Kufikia 1977 watu zaidi ya milioni 13 walihesabiwa kuwa wanaishi katika vijiji zaidi ya 7,000. Siwezi kukana kwamba shule, zahanati na maji viliwafikia watu ambao pengine visingewafikia kamwe. Namheshimu Mwalimu, na nitakufa nikimheshimu. Lakini ujirani haupakiwi kwenye lori. Katika vijiji vingi shamba la pamoja likawa la kwenda kuonekana tu, nguvu yenyewe mtu akaibakiza kwa ajili ya shamba lake. Kijiji kilekile, nyumba zilezile zilizopangwa mistari, lakini roho iliyokuwa Litowa haikuwamo, kwa kuwa hakuna aliyeweza kusema, "Sikai hapa."

Mtanijibu kuwa nyinyi si serikali, hamna malori wala bunduki. Basi tazameni Jonestown. Jim Jones alikuwa mhubiri wa usawa, aliwakusanya weusi na weupe katika kanisa moja wakati Wamarekani wengi hawakutaka hata kukaa benchi moja. Wafuasi wake walimpa nyumba zao na fedha za pensheni. Akawahamishia katikati ya msitu wa Guyana, pasipoti zao zikawekwa mbali nao, njia zikawa na walinzi. Novemba 1978 mbunge Leo Ryan alikwenda kuwatazama, na watu wachache wakamwomba aondoke nao. Ombi hilo dogo ndilo lililowasha moto. Ryan alipigwa risasi kwenye uwanja wa ndege wa Port Kaituma, na siku hiyohiyo, tarehe 18, watu zaidi ya 900 walikufa kwa sumu, na karibu theluthi moja yao ni watoto. Na jirani zetu wa Kenya hawajamaliza kulia kwa ajili ya Shakahola, kaunti ya Kilifi. Tangu Aprili 2023 miili zaidi ya 400 imefukuliwa katika msitu ule, ya watu waliokwenda na familia zao kwa imani, wakaambiwa wafunge ili wamwone Yesu.

Sifananishi shamba lenu na misitu hiyo. Nasema tu kwamba hakuna kati ya wale waliotoa nyumba zao aliyeona kwamba anaingia gerezani. Walipokelewa kwa nyimbo na chakula, na kiongozi aliwajua kwa majina.

Hata watu wema kabisa hujikwaa hapohapo. Wahutterite, Wakristo wa dhehebu la kale, wamekuwa na mali ya pamoja tangu 1528, na bado wapo maelfu kwa maelfu Kanada na Marekani. Wana hekima ambayo ningependa mwige: kijiji kikikaribia watu 150 hununua ardhi nyingine, hujenga, kisha hugawanyika, ili kila mtu aendelee kumjua mwenzake. Lakini mwaka 1970 Mahakama ya Juu ya Kanada iliamua kesi ya Hofer, ya ndugu waliofukuzwa katika kijiji chao huko Manitoba kwa kubadili imani. Walidai fungu lao katika mali waliyoichumia maisha yao yote. Wakashindwa. Kwa masharti waliyoyakubali, anayetoka hatoki na kitu. Fikirieni mtu wa miaka 50, ana mke na watoto, anajua kulima na kukamua ng'ombe tu, na mfukoni hana hata nauli. Mtu huyo ana ruhusa ya kuondoka, lakini haondoki.

Na watoto wenu je? Nyinyi mtachagua, wao watazaliwa humo. Degania, kibbutz ya kwanza, yaani kijiji cha Wayahudi cha mali ya pamoja, ilianza mwaka 1910 na vijana waliogawana kila kitu. Mwaka 2007 warithi wao walipiga kura kila mmoja alipwe kulingana na kazi yake. Wapo walioomboleza. Mimi niliona jamii yenye afya, kwa sababu wajukuu waliruhusiwa kubadili walichokianza mababu na hakuna aliyeitwa msaliti.

Basi nawasihi, kabla ya visima na mizinga, kaeni usiku mmoja muandike mambo ya kuondoka. Anayetoka baada ya miaka kumi achukue nini, kwa hesabu ipi, ndani ya miezi mingapi. Mjane atabaki na nyumba? Walioachana watagawana vipi? Jisajilini kama ushirika chini ya sheria ya mwaka 2013, ili kila mwanachama awe na kura moja na daftari la fedha lisomwe na yeyote anayetaka. Hati ya shamba isikae kwa jina la mmoja wenu, hata akiwa ndiye aliyetoa fedha nyingi, hata akiwa ndiye mnayempenda kuliko wote. Huyo hasa. Kila mmoja abaki na kitambulisho chake, simu yake na akiba yake kidogo, na awe na ndugu nje ya kijiji ambao anawatembelea bila kuomba ruhusa.

Leteni karatasi hiyo niisome. Mkishindwa kukubaliana juu ya mtu atakayeondoka, msinunue shamba hilo.