Kijana wa Kuazimwa



Jioni moja tuliketi karibu na kijana wa nyumbani kwetu aliyekuwa akicheza mchezo wa mpira katika kompyuta. Tulitazamia kuona uwanja na watu wakikimbia. Tukaona orodha ya majina na tarakimu, mfano wa daftari la karani wa ghala. Kijana aliipitia orodha ile pole pole, akafika penye jina moja, akasimama. Akacheka kidogo, kisha akanyamaza. Tulipomwuliza kuna nini, alijibu, "Huyu, mzee, nilimsahau."

Akatueleza. Mchezaji yule alikuwa na miaka 17 alipomtoa kwa mkopo kwenda klabu ndogo ili apate mechi. Msimu ulipokwisha akamtoa tena, na mwaka uliofuata tena, pasipo kutazama alikokwenda. Sasa mchezaji ametimiza miaka 21, na tarakimu zake ni karibu zile zile za mwanzo. Miaka minne amekaa benchi katika klabu za watu.

Neno lile halikututoka usiku ule. Maana aliyesahauliwa hakuwa mtu. Jina lake lilitungwa na mashine, na miaka yake minne ilipita katika majuma machache ya likizo. Basi kwa nini kijana wetu alinyamaza? Na je, ilimpasa kunyamaza?

Kwa ajili ya wasioujua mchezo huu, tueleze kwa ufupi. Mwaka 1982 Mwingereza mmoja, Kevin Toms, alitoa mchezo wa kompyuta ulioitwa Football Manager. Ndani yake mtu hapigi mpira, anaongoza klabu. Mwaka 1992 ndugu wawili, Paul na Oliver Collyer, walitoa mchezo wao wa namna hiyo kwa jina la Championship Manager, na tangu mwaka 2004 kazi yao imekuwa ikitoka kwa jina lile la zamani, Football Manager. Mwenye kucheza hununua na kuuza wachezaji, hupanga kikosi, hulipa mishahara. Kila mchezaji amepewa tarakimu toka 1 mpaka 20 kwa kila sifa: mbio, pasi, ujasiri, bidii. Wengi ni wachezaji wa kweli waliopo duniani. Lakini miaka ya mchezo ikisonga, wakongwe hustaafu, na mashine hubuni vijana wapya wa kushika nafasi zao.

Hapo ndipo shauri la mkopo huanza. Kijana wa miaka 17 hawezi kupata nafasi katika klabu kubwa, na asipocheza atadumaa. Kwa hiyo meneja humtafutia klabu ndogo itakayomchezesha. Mchezo wenyewe humlazimisha kufikiri. Je, klabu ile itamchezesha kila juma, au itamweka akiba? Atacheza nafasi yake, au atasukumwa pengine? Mshahara wake utalipwa na nani, na kwa sehemu gani? Je, mkataba una kifungu cha kumwita arudi mambo yakiharibika? Kijana mwenyewe naye aweza kukataa kwenda. Na akisha kwenda, taarifa zake huletwa kwa meneja, azisome akitaka.

Magazeti yetu husema mchezaji ametolewa "kwa mkopo", na neno hilo limekwisha kuzoeleka. Lakini lugha yetu imetenga mambo mawili. Mtu akikopa kibaba cha unga, huula, kisha hurudisha mwingine wa kiasi kile kile. Hakuna aulizaye ule wa kwanza uko wapi. Akiazima jembe, hana budi kurudisha jembe lile lile, na mwenyewe atautazama mpini na makali yake. Basi kijana ni wa kukopwa au wa kuazimwa? Bila shaka ni wa kuazimwa, kwa kuwa hakuna mwingine awezaye kurudishwa badala yake. Tena yeye amezidi jembe, maana jembe halijui kwamba limesahauliwa nyumbani kwa jirani.

Wako watakaotuambia, "Mnajisumbua bure. Hizo ni tarakimu, na tarakimu haziumwi." Hayo ni kweli, wala hatutaki kuwatia vijana wetu hatia ya kubuni. Mtoto wa kike akimbeba mgongoni mtoto wake wa gunzi la mahindi, kisha akamtupa mchangani na kwenda zake, gunzi halikudhulumiwa. Hata hivyo mama yake akimwona anampiga gunzi lile na kulitukana, atasimama na kujiuliza mtoto amejifunza wapi maneno hayo. Gunzi halina jeraha, lakini mkono unajizoeza. Mchezo ni mahali ambapo mkono na moyo hujizoeza pasipo hasara, na kwa sababu hiyo wafaa kutazamwa, kama vile twatazama watoto wetu wanavyocheza baba na mama.

Wako wengine watakaosema kinyume, kwamba mchezo huu ni shule nzuri, kwa sababu meneja mzembe hupata hasara na meneja mwangalifu hupata faida. Hilo nalo lina ukweli wake. Lakini tulipofikiri zaidi tuliona kasoro. Katika mchezo huu kila mchezaji ana tarakimu mbili zilizofichwa, kila moja ikiweza kufika 200. Moja ni uwezo alio nao leo. Nyingine ni upeo ambao hataupita kamwe, hata afundishwe na nani. Kwa hiyo ukimsahau kijana ambaye upeo wake ni mkubwa, umepoteza mali. Ukimsahau ambaye upeo wake ni mdogo, hukupoteza kitu, na mchezo hautakuadhibu. Shule ya faida humfundisha mtu kumwangalia yule tu atakayemlipa.

Basi tulimwuliza kijana wetu, "Huyo uliyemsahau angekuwa mchezaji mkubwa?" Akatikisa kichwa. "Hapana, mzee. Hata ningemtunza asingefika mbali." Tukamwuliza, "Sasa mbona umenyamaza?" Akafikiri kidogo, akasema, "Lakini mimi ndiye niliyempeleka."

Ndugu zetu, twaona kwamba jibu lile lina uzito kuliko vitabu vingi. Deni la aliyempeleka mtu halipimwi kwa thamani ya aliyepelekwa. Limeanza siku ile alipomtoa mlangoni. Kama angebaki angekuwa chini ya macho yetu. Tukimwondoa, macho yetu hayana budi kumfuata.

Tutazame sasa viwanja vya kweli, ambako mambo haya huwapata watu wenye damu na nyama. Harry Kane wa Tottenham alipelekwa Leyton Orient mwaka 2011, akiwa na miaka 17. Kisha Millwall mwaka 2012, kisha Norwich, ambako aliumia mguu, kisha Leicester mwaka 2013, ambako mara nyingi alikaa benchi. Mtu aliyemwona pale angeweza kusema kijana huyu amekwisha. Lakini klabu yake haikumfuta. Alirudi, akapata nafasi, na mwezi wa Machi 2023 akawa mfungaji wa mabao mengi kuliko wote katika historia ya timu ya taifa ya Uingereza. Kwake kuazimwa kulikuwa ngazi, ingawa baadhi ya vidato vilikuwa vimeoza.

Lucas Piazon alitoka Brazil kwenda Chelsea ya London mwaka 2012, naye akiwa kijana mdogo. Mpaka alipoondoka kabisa mwaka 2021 alikuwa ameazimwa katika klabu 7, toka Málaga ya Hispania hata Rio Ave ya Ureno, akipitia Uholanzi, Ujerumani na Italia. Kwa klabu iliyomwajiri alicheza mechi 3 tu. Hatusemi kwamba alidhulumiwa. Alilipwa mshahara, na kila safari ilihitaji saini yake. Lakini miaka tisa ni sehemu kubwa ya maisha ya mchezaji, na miaka hiyo kulikuwa na misimu ambayo klabu ile ilikuwa na wachezaji zaidi ya 30 walioazimwa huku na huku. Ni nani awezaye kuwakumbuka watu 30 kama baba anavyowakumbuka wanawe?

Wasomaji wengi watamkumbuka pia Mbwana Samatta wetu, aliyepelekwa Fenerbahçe mwaka 2020, Antwerp mwaka 2021 na Genk mwaka 2022, mara zote akianza kwa mkopo. Yeye alikuwa mtu mzima aliyejua analotia saini. Shauri letu la leo ni la wale ambao bado hawajajua.

Hata wakuu wa mpira waliona kwamba mambo yamezidi. Tangu Julai 2022 FIFA imeweka kanuni za mikopo ya kimataifa: mkataba mmoja usizidi mwaka mmoja, aliyeazima asimwazimishe mwingine, na klabu isimpe mwenzake zaidi ya wachezaji 3 kwa wakati mmoja. Tangu Julai 2024 klabu haipaswi kuwa na wachezaji zaidi ya 6 iliowatoa nchi za nje kwa njia hii. Lakini vijana wa miaka 21 na chini yake, waliolelewa na klabu yenyewe, hawamo katika hesabu hiyo. Sababu yake ni njema: wasinyimwe nafasi ya kucheza. Hata hivyo matokeo yake ni kwamba walio wadogo kuliko wote wamebaki katika dhamiri ya aliyewapeleka. Kanuni yaweza kuhesabu vichwa, lakini haiwezi kumfanya mtu asome taarifa iliyo mezani pake.

Mtasema, hayo ni ya Ulaya na ya klabu tajiri. Lakini na sisi tu mameneja. Tangu zamani tumewaazimisha watoto. Huyu amepelekwa kwa shangazi yake mjini ili asome. Yule amechukuliwa na mjomba akasaidie dukani. Binti wa kaka ameletwa kwetu alee mtoto mchanga, kwa ahadi ya cherehani baadaye. Ni desturi njema. Wengi miongoni mwetu tulilelewa hivyo, na leo twawashukuru waliotupokea. Huenda mtoto asingesoma kabisa kama angebaki nyumbani, kama vile mchezaji yule asingepata mechi.

Ila tujipime. Kijana wetu, kabla ya kutoa tarakimu kwa mkopo, huuliza kama itachezeshwa, nafasi gani, kwa gharama ya nani, na kama yaweza kuitwa irudi. Ni wangapi kati yetu tulioyauliza hayo kabla ya kumpandisha mtoto basi? Twasema, "Amekwenda kusoma," na mwaka wa tatu twasikia kwamba anateka maji alfajiri na shuleni huenda siku apendayo mwenye nyumba. Je, tulimpa nauli ya kurudi, na kumwonyesha mtu wa kumkimbilia? Hicho ndicho kifungu cha kumwita arudi. Na wale tuliowapokea, je, tumewachezesha, au tumewaweka benchi la jikoni?

Tena tumejifanya tunazijua zile tarakimu mbili zilizofichwa. Twasema huyu ana akili, apelekwe shule nzuri. Yule ni mzito, atatosha kwa kazi za nyumbani. Mwenye mchezo aweza kusema hivyo, maana mashine imekwisha kuandika upeo wa kila mmoja. Sisi ni nani aliyetuonyesha? Waliomwona Kane kwenye benchi la Leicester walikuwa watu wa mpira, wenye macho ya kazi yao, na bado hawakuweza kusoma yaliyokuwa mbele. Na hata tungesoma, na upeo wa mtoto ukawa mdogo kweli, deni letu kwake lingebaki lile lile.

Kijana wetu hakuufuta mchezo, wala hatukumwambia aufute. Siku zilizofuata tulimwuliza habari za yule mchezaji. Alikuwa amemwita arudi, akampa mechi mbili, akaona kwamba klabu kubwa si mahali pake. Hakumtoa kwa mkopo tena. Alimtafutia klabu ndogo iliyomtaka kweli, akamwachia aende moja kwa moja, kwa fedha kidogo sana. "Atacheza kila juma huko," alisema, kisha akaendelea na orodha yake, safari hii akifungua kila jina.

Nasi tufanye vivyo hivyo. Kila mmoja aliyempeleka mtu mahali, na aulize habari zake kabla mwezi huu haujaisha. Asiulize kwa mwenye nyumba peke yake, bali kwa mtoto mwenyewe, naye akiwa mahali awezapo kusema.