Je, Yafaa Adui Kufanywa Dawa?

Ndugu mmoja katika darasa yetu alituuliza baada ya sala ya Isha: "Sheikh wetu, twasikia kwamba Marekani wamekitia kirusi cha polio, kile kilicholemaza watoto wetu, ndani ya ubongo wa mgonjwa ili apone. Je, huku si kuongeza maradhi juu ya maradhi, na kuingilia kazi ya Muumba?"

Kwanza tulijue jambo lenyewe, kwani asiyelijua jambo hana haki ya kulihukumu. Kuna saratani ya ubongo iliyo kali mno. Kinga aliyoitia Mwenyezi Mungu mwilini husinzia mbele yake, mfano wa bawabu aliyelishwa dawa ya usingizi. Matabibu wa Chuo Kikuu cha Duke walikitwaa kirusi cha polio kilichokwisha dhoofishwa kwa ajili ya chanjo, wakaondoa kipande chake kimoja, na mahali pake wakatia kipande cha kirusi cha mafua, ili kisiweze kuzaana katika chembe nzima za fahamu. Kisha hupitishwa kwa mrija mwembamba mpaka ndani ya uvimbe. Huko huua chembe za saratani, na kinga iliyosinzia huamka ikaja kupigana.

Sisi hatuoni haramu katika hayo. Sumu ya nyoka hutumiwa kutengeneza dawa ya aliyeumwa na nyoka, na wazee wetu walichanjwa ndui kwa kirusi kilicho ndugu yake. Kisu ni kimoja, huua na hutahiri. Hukumu humfuata mwenye kukishika na nia yake.

Lakini liko swali ambalo ndugu yetu hakuliuliza, nalo ni zito zaidi: mgonjwa huambiwa nini? Baina ya 2012 na 2017 walitibiwa hivyo wagonjwa 61 ambao saratani yao ilikuwa imerudi. Baada ya miaka 3, asilimia 21 walikuwa hai, na katika wagonjwa wa zamani waliolinganishwa nao ni asilimia 4 tu. Hiyo ni bishara njema. Lakini nusu yao walifariki kabla ya kutimia miezi 13, na katika wale wa zamani nusu walifariki kabla ya kutimia miezi 12. Tena wako waliodhurika kwa matibabu yenyewe, na mmoja alivuja damu ubongoni mrija ulipoondolewa.

Basi tabibu atakayemtajia mgonjwa hesabu ya kwanza na kumficha ya pili, amemkhini, ijapokuwa hakutamka uongo hata neno moja. Mfa maji haachi kutapatapa. Mkono wowote anyooshewao ataushika. Kwa sababu hiyo ridhaa yake ni amana, na amana haichukuliwi ila kwa kusema kweli yote, tamu yake na chungu yake.

Kumgeuza adui kuwa dawa ni ilimu, na ilimu ni neema. Kumgeuza mwenye dhiki kuwa chombo cha majaribio bila ya yeye kujua ni dhuluma, hata ikiwa dawa ni halali. Wallahu aalam.