Kaburi la Mtoto na Amana ya Jina

Enzi za reli, msafiri aliyetoka Tanga na yule aliyetoka Mombasa kwa njia ya Voi na Taveta walikutana Kahe, chini ya Kilimanjaro, kabla ya kupanda kwenda Moshi na Arusha. Vita viwili vikuu vya dunia vimeacha alama zao kandokando ya njia hiyo, na baina ya alama hizo mna watoto waliozikwa. Swali langu ni hili: anayetafuta habari za mtoto aliyekufa wakati wa vita ana deni gani kwake?

Tuanze na kaburi lenye jina. Huko Tengeru, karibu na kufika Arusha, pana makaburi ya wakimbizi wa Kipolandi yapatayo 150. Watu hao walihamishwa kwa nguvu na Wasovieti mwaka 1940 na 1941, wakapelekwa Siberia na Kazakhstan. Walipoachiwa walipitia Iran, na tangu 1942 wakapokewa Afrika Mashariki. Kambi ya Tengeru ilikuwa na watu wapatao 5,000, wengi wao wanawake na watoto. Mtafiti asimamapo mbele ya kaburi la mtoto hapo ana pa kuanzia: jina, tarehe, sajili, barua, na kumbukumbu za wenzake waliokua wakazeekea ugenini. Akiwa na subira, huenda akamrudishia mtoto yule mama yake, kijiji chake na safari yake.

Sasa turudi Kahe. Tarehe 21 Machi 1916 majeshi ya Smuts yalipambana hapo na ya Lettow-Vorbeck. Nyuma ya askari Waafrika wa jeshi la Wajerumani walifuata wake na watoto wao. Na pande zote mbili zilibebewa mizigo na wapagazi, ambao wengi walikufa kwa maradhi na njaa. Wapiganapo tembo, ziumiazo ni nyasi. Mwaka 2021 Tume ya Makaburi ya Vita ya Jumuiya ya Madola ilikiri kwamba watu wasiopungua 116,000 waliolitumikia jeshi la Uingereza katika vita vile, wengi wao wa Afrika Mashariki na Misri, hawakukumbukwa kwa majina. Na hao ni waliokuwa watumishi wa jeshi. Mtoto aliyefia mgongoni mwa mamake nyuma ya msafara hayumo hata katika hesabu ya waliosahauliwa.

Wapo watakaosema: basi wageni tuwaache, tutafute wetu kwanza. Hoja hii ina uchungu wa kweli, lakini haina haki. Mtoto wa Kipolandi hakuchagua vita, wala hakumnyang'anya mwenzake jiwe la kaburi.

Wengine wataingiwa na kishawishi kilicho kitamu zaidi: kumtungia kisa mtoto wa Kahe, kumpa jina, kumtia maneno ya mwisho kinywani. Mshairi anayo ruhusa hiyo, maadamu anasema kuwa anatunga. Mtafiti hana. Mtoto aliyepewa jina lisilo lake amezikwa mara ya pili, na safari hii hakuna atakayeendelea kumtafuta.

Kwa hiyo, mwenye jina tumsomee karatasi zote, tuseme na mahali zinapoishia. Asiye na jina tumwendee kwa wazee wa Kahe, tuwaulize walichosimuliwa na wazazi wao, tuandike tulichopata na tulichokosa. Mahali pa jina lake tupaache wazi ukurasani. Msomaji akipaona, atauliza ni nani aliyehesabu wafu, na kwa nini huyu hakuhesabiwa.